Kazi ya Mwislamu Katika Maonyesho ya Amani na Haki

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, yako masuala ambayo huulizwa kwa kunong'ona, na mwenye kuuliza amekwisha kujijibu moyoni kabla hajafumbua kinywa. Moja katika hayo ni hili. Katika miji ya bara, kama Migori na Homa Bay, watu wa makabila na dini mbalimbali hukusanyika uwanjani kufanya maonyesho ya amani na haki. Wazee husemezana, wanasheria huketi mezani kuwasikiliza wanyonge bila ya malipo, vijana hushindana mpira, na wenye biashara hutandaza bidhaa zao. Kazi za siku hiyo hufanywa na watu wa kujitolea. Je, Mwislamu aliyeko huko, au atokaye kwetu pwani kwenda huko kwa biashara au kwa jamaa zake, yamfaa kuwa mmoja katika hao? Au awaachie wengine, yeye ashike duka lake na msikiti wake?

Majibu twayasikia barazani. Huyu husema: "Hayo ni mambo ya wasiokuwa Waislamu." Yule husema: "Sisi ni wageni kule, ugomvi wao hautuhusu." Wa tatu husema: "Kazi isiyo na ujira ni ya asiye na kazi." Na tuyatazame majibu haya moja baada ya moja kwa mizani ya dini, wala si kwa mizani ya mazoea.

Jibu la kwanza: "Hayo si mambo yetu"

Kabla ya kuja Uislamu Waarabu walikuwa na masoko makubwa ya kila mwaka, na lililotajika zaidi ni soko la Ukaz, karibu na Taif. Lilikuwa likifanywa katika mwezi wa Dhulqaada, nao ni katika miezi mitukufu ambayo vita vilikatazwa ndani yake. Mtu aliweza kumwona aliyemwulia nduguye akinunua ngozi mbele yake, naye akazuia mkono wake kwa heshima ya mwezi. Basi yalikuwa masoko ya biashara, na yalikuwa vilevile masoko ya amani. Lakini amani hiyo ilisimama juu ya mazoea tu. Na siku mtu wa Kinana alipomwua kwa hila mtu wa Hawazin, miezi mitukufu ilivunjwa, vikawaka vita vilivyoitwa vita vya Fijar, yaani vita vya uovu. Mtume wetu, naye bado ni kijana, aliviona vita hivyo kwa macho yake.

Haukupita muda mrefu akaja Makka mfanya biashara wa Zubaid kutoka Yaman. Akamwuzia bidhaa zake Al-As bin Wail, mmoja wa wakubwa wa Makureshi. Yule akazichukua asimlipe. Mgeni hakuwa na ukoo mjini wala mtetezi. Akapanda jabali la Abu Qubais akapaza sauti, na Makureshi wameketi kando ya Al-Kaaba. Hapo akasimama Zubeir bin Abdul-Muttalib, ammi yake Mtume, na watu wa koo kadha wakakusanyika katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an. Wakaapa kuwa mkono mmoja pamoja na mwenye kudhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka arejeshewe haki yake. Kisha hawakulala na kiapo chao. Walimwendea Al-As wakamtoa mali ya watu. Huo ndio Mkataba wa Fudhul.

Mtume (S.A.W.) alikuwamo katika nyumba ile. Na baada ya kupewa utume akautaja mkataba huo kwa sifa, akaeleza kuwa lau angeitiwa mfano wake katika Uislamu angeitikia.

Ewe msomaji, zingatia vizuri. Waliokusanyika katika nyumba ile hawakuwa Waislamu, kwa kuwa Uislamu haujashuka bado. Aliyedhulumiwa hakuwa Mwislamu, wala aliyedhulumu hakuwa Mwislamu. Juu ya hayo Mtume wa Mwenyezi Mungu hakuuona mkutano ule kuwa ni mambo ya wengine. Alitazama lililokusudiwa, akaona ni haki. Basi nani katika sisi aliye na wivu wa dini kuliko yeye?

Na Mola wetu ametubainishia katika Sura ya Al-Mumtahina, aya ya 8, kuwa hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Tena katika Al-Maida, aya ya 2, ametuamrisha kusaidiana katika wema na ucha Mungu, akatukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Hakusema tutazame kwanza kabila la mwenye kuitia wema. Ametutaka tutazame kinachoitiwa.

Jibu la pili: "Sisi ni wageni kule"

Neno hili lina makosa mawili. La kwanza ni kudhani kuwa Uislamu ni mali ya pwani, na kuwa ukishapita Mto wa Athi huna ndugu. Huko Kendu Bay, kando ya ziwa katika jimbo la Homa Bay, wako Wajaluo Waislamu, baba na babu. Huswali kama uswalivyo na hufunga kama ufungavyo, na pengine humshinda mtu wa mjini kwetu kwa kujihimu alfajiri. Hao si wageni katika nchi yao. Ukisema ugomvi wa kule hautuhusu, umewatoa ndugu zako katika umma kwa ulimi wako.

Kosa la pili ni kusahau kuwa moto haumwulizi mgeni hati yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi ya Kenya iliingia katika msiba. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na malaki walikimbia makwao. Nyanza nayo haikusalimika. Katika miji yake, Homa Bay na Migori ikiwamo, maduka yalivunjwa na wafanya biashara waliotoka sehemu nyingine wakafukuzwa na majirani waliokuwa wakinunua kwao chumvi na sukari jana yake. Msiba ule ulitulizwa kwa mapatano yaliyotiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Lakini uchaguzi huja kila miaka 5, na mwaka 2017 damu ilimwagika tena Nyanza.

Na nje ya mambo ya uchaguzi, katika jimbo la Migori wako Wajaluo na Wakuria, na Wakuria wenyewe wana koo nne upande wa Kenya, nazo ni Abakira, Abagumbe, Abanyabasi na Abairege. Wizi wa ng'ombe umewahi kuzitia koo hizo katika mapigano, na mpaka wa Isebania hauzuii ng'ombe wala mishale, kwa kuwa Wakuria wako Tanzania pia. Huko ziwani, Kenya na Uganda zimeteta juu ya Migingo, kisiwa kidogo cha mawe, na walioumia ni wavuvi. Wahenga wetu wamesema kuwa wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Mwenye duka Migori ni katika nyasi hizo. Vipi atasema hayamhusu?

Jibu la tatu: "Ni kazi isiyo na ujira"

Ama huyu, twamwambia kuwa ujira uko, ila haulipwi jioni ya siku ile. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 114, tumefahamishwa kuwa mazungumzo mengi ya siri ya watu hayana kheri, isipokuwa ya mwenye kuamrisha sadaka, au wema, au kupatanisha baina ya watu. Na afanyaye hayo kwa kutaka radhi ya Mwenyezi Mungu ameahidiwa malipo makubwa. Na katika hadithi zilizosihi Mtume ametufunza kuwa kila kiungo cha mwanadamu kina sadaka juu yake kila siku linapochomoza jua: kuwahukumia wawili kwa uadilifu ni sadaka, kumsaidia mtu kupandisha mzigo wake juu ya mnyama ni sadaka, neno jema ni sadaka, na kuondoa kinachoudhi njiani ni sadaka.

Tazama basi kazi za maonyesho hayo. Kuna kusimamisha mahema na kupanga viti. Kuteka maji na kufagia uwanja. Kuwapokea wazee na kuwaketisha kwa heshima. Kumshika mkono mtoto aliyepotewa na mamake. Kumfasiria Mkuria maneno ya Mjaluo kwa Kiswahili. Kumwandikia shitaka bibi kizee asiyejua kusoma na kumpeleka kwenye meza ya mwanasheria. Ni ipi katika kazi hizi isiyoingia katika hadithi ile? Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Asiye na fedha ana mikono, na asiye na nguvu ana kalamu au ulimi.

Na ukitaka mfano wa karibu wa Waislamu waliojitolea, tazama Wajir. Mwanzo wa miaka ya 1990 koo za Kisomali huko ziliuana vibaya, mpaka soko likagawanyika, mwanamke wa ukoo huu haweza kununua kwa wa ukoo ule. Wanawake wachache, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, waliona aibu hiyo wakaanza pale pale sokoni, wakisimama kuhakikisha kila mwanamke auza na anunua bila ya kubaguliwa. Hawakuwa na cheo wala mshahara. Kisha wakawaendea wazee, na vijana, na maofisa wa serikali. Na mwaka 1993 wazee wa koo wakakubaliana katika tangazo la Al-Fatah. Kazi iliyoanzia kwenye matandiko ya soko ikawa kamati ya amani ya wilaya. Na baada ya mapatano ya mwaka 2008 kamati za namna hiyo zikatakiwa ziundwe katika wilaya zote za Kenya, Nyanza ikiwamo. Bibi Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood huko Sweden mwaka 2007, na alifariki mwaka 2011. Mwenyezi Mungu amrehemu. Basi Mwislamu anayeziona kamati za amani kuwa ni jambo geni kwa dini yake, na ajue kuwa mama zake na dada zake Waislamu ni katika walioziasisi.

Amani bila ya haki

Sasa tusikilizane katika jambo lililo zito zaidi. Watu wengi hupenda neno amani na huchukia neno haki, kwa sababu amani huwataka wanyamaze, na haki huwataka warudishe. Kumwambia aliyeporwa apeane mkono na mporaji, na mali ingali kwa mporaji, si sulhu. Ni kumdhulumu mara ya pili mbele ya mashahidi. Ndiyo maana katika Al-Hujurati, aya ya 9, tumeamrishwa kupatanisha, kisha mapatano yenyewe yakafungamanishwa na uadilifu.

Huko kando ya ziwa iko dhuluma iitwayo jaboya. Mwanamke mwenye kuuza samaki, hasa mjane au maskini, huambiwa hatapata samaki wa kuuza mpaka autoe mwili wake kwa mvuvi. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa katika Homa Bay watu wazima 19.6 katika kila mia walikuwa na virusi vya ukimwi, na katika Migori 13. Maradhi hayo yana sababu nyingi, lakini hapana shaka kuwa biashara ya namna hii ni mlango mmoja katika milango yake. Wako pia wajane wanaonyang'anywa mashamba na jamaa za waume zao. Je, sisi ambao Qurani yetu imemwekea mwanamke fungu lake la urithi tangu zaidi ya miaka 1,400, tutakaa kimya na elimu hiyo?

Mwenye kujitolea kwenye meza ya haki na ajifunze kwanza njia za haki, ili asimtume mnyonge huku na huku. Na ajue kuwa Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 159, imezitaka mahakama ziendeleze sulhu na upatanishi. Kuwa palipofunguliwa mahakama ya madai madogo mtu huweza kudai mpaka shilingi 1,000,000 bila ya wakili, na kesi yatakiwa imalizike ndani ya siku 60. Na kuwa Mwislamu mwenye shauri la ndoa, talaka au mirathi ana mahakama ya Kadhi. Kumwelekeza mtu penye haki yake ni nusu ya kumpa haki hiyo.

Tuanze na nafsi zetu

Lakini ole wake mwenye kusimama kwenye meza ya haki na mizani ya dukani mwake imepinda. Katika wanaonunua samaki, dagaa, mahindi na dhahabu huko Nyanza wako Waislamu. Ikiwa mwenye jiwe pungufu au ratili ya hila yumo kati yao, basi Sura ya Al-Mutaffifin imekwisha kumhukumu, wala haitamfaa kuvaa beji ya kujitolea siku moja katika mwaka. Mtume alipotia mkono wake katika rundo la chakula sokoni akaona umaji chini yake, alimkana mwenye kughushi. Mkulima wa Migori hajasoma Bukhari wala Muslim. Yeye huusoma Uislamu katika mizani yako.

Na liko jingine, nalo latuhusu sisi wa pwani. Mwezi wa Agosti mwaka 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, kisha watu wa bara waliokuwa wakiishi kwetu wakauawa na kufukuzwa, na Wajaluo walikuwa katika hao. Wengi walikimbilia kanisani Likoni kutafuta salama. Ilielezwa baadaye mbele ya Tume ya Jaji Akiwumi jinsi siasa ilivyokuwa nyuma ya fitina ile, na hilo ni kweli. Lakini aliyenyamaza mlangoni mwake jirani akipigwa hakunyamazishwa na mwanasiasa. Mwislamu wa Mombasa akenda leo Homa Bay kusema habari za amani, huenda akakaa na mtu ambaye babake alirudi kutoka Likoni na nguo aliyoivaa tu. Mtu huyo akimwuliza: "Nanyi mlikuwa wapi?" atamjibu nini?

Jibu ni lile la Sura ya An-Nisaa, aya ya 135: tusimame na uadilifu, tuwe mashahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu ijapokuwa juu ya nafsi zetu au wazee wetu au jamaa zetu. Asitetee, wala asitafute udhuru. Na aseme lililotendeka lilikuwa dhuluma, na kuwa dini yetu haina sehemu ndani yake. Katika sura hiyo hiyo, kuanzia aya ya 105, wafasiri wamepokea kuwa mtu wa Madina aliiba deraya, kisha yeye na jamaa zake wakataka kumtupia Yahudi wizi huo. Wahyi ukashuka kumtakasa Yahudi na kumfichua aliyejiita Mwislamu. Hiyo ndiyo haki tuliyofunzwa, nayo haina ukoo.

Masharti ya mwenye kujitolea

Basi hukumu ya suala letu ni kuwa jambo hili lafaa, nalo ni katika mema, kwa masharti haya:

La kwanza, nia iwe safi. Asende kwa ajili ya picha, wala kwa ajili ya mgombea kiti aliyetoa fulana. Mwanasiasa akiyageuza maonyesho kuwa kampeni yake, Mwislamu na ajitoe.

La pili, asiache swala. Adhuhuri na Alasiri zitamkuta uwanjani. Na atandike msala wake pembeni, aswali, arudi kazini. Atakayemwona atajifunza kitu kwa kumwona.

La tatu, ajiepushe na yaliyo haramu. Kukiwa na pembe ya ulevi au michezo isiyo na haya, hapo si mahali pake; kazi za halali ni nyingi na wenye kuzifanya ni wachache.

La nne, asidharau watu. Akiwacheka kwa Kiswahili chao au kwa chakula chao, amekwisha kubomoa alichokwenda kujenga.

La tano, aendelee baada ya siku ile. Maonyesho huisha magharibi, mahema yakakunjwa, dhuluma hailali. Mjane aliyeandikiwa shitaka lake Jumamosi ahitaji mtu wa kumfuata mahakamani Jumatatu.

Ndugu zetu, katika jimbo la Migori iko Thimlich Ohinga, ngome ya mawe iliyoandikwa katika urithi wa ulimwengu mwaka 2018. Kuta zake zina miaka mamia, na watu wa lugha mbalimbali wamekaa ndani yake kizazi baada ya kizazi. Hazikutiwa chokaa wala udongo wa kugandisha. Jiwe limeshikwa na jiwe, dogo likiziba nafasi ya kubwa. Mtume alipoeleza hali ya waumini aliwafananisha na jengo ambalo sehemu yake huipa nguvu sehemu nyingine, akaingiza vidole vyake hivi katika hivi. Basi asijione mmoja wetu kuwa ni jiwe dogo lisilo na mahali. Ukuta huanza kuanguka pale kijiwe kidogo kinapochomoka, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azisuluhishe nyoyo za watu wa Migori, na Homa Bay, na Wajir, na za kwetu pwani. Awape haki yao waliodhulumiwa, awaongoze waliodhulumu wairudishe kabla ya siku isiyokuwa na dinari wala dirhamu. Na atujaalie tuwe katika wenye kusikia neno wakalifuata lililo jema zaidi. Amin. Wabillahi taufiki.